Nani Anakujua Hapa?

Mwaka 2018, nilipokuwa nikitafuta chumba cha kupanga mtaani Waberi, mjini Garissa, habari ya kodi ilikuja mwisho kabisa. Mama mwenye ploti alinitazama kuanzia mtandio hadi begi, akauliza natoka wapi. Lamu. Nimefuata nini? Chuo kikuu. "Na hapa nani anakujua?" Nikasema hakuna, ndiyo kwanza nashuka kwenye basi. Akacheka, cheko la mtu asiyekutakia baya, akaniambia nirudi na mtu.

Nilikuwa na barua ya chuo yenye mhuri, kodi ya miezi miwili taslimu, na kitambulisho cha taifa ambacho askari wa kizuizi cha daraja la Tana walikuwa wamekigeuzageuza asubuhi ile ile. Kwake vyote vilikuwa makaratasi. Nikampigia babangu simu. Naye akampigia fundi mashua wa Matondoni, mwenye shemeji aliyeoa Ijara, na huyo shemeji ana binamu mwenye duka la nguo Garissa. Alasiri binamu akaja, mtu ambaye hajapata kuniona maishani mwake, akaketi mkekani na mama mwenye ploti, wakatajiana mababu kwa Kisomali mpaka wakafika kwa mmoja waliyemjua wote wawili. Ufunguo nikapewa kabla chai haijapoa.

Watu wakisikia nilisomea Chuo Kikuu cha Garissa, huteremsha sauti. Wanangoja niwasimulie hofu. Chuo kile kilikuwa cha kufundishia walimu, mwaka 2011 kikafanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, na alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015 Al-Shabaab wakakivamia wakaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Walionusurika walihamishiwa Eldoret wakamalizie masomo. Milango ikafunguliwa tena Januari 2016, na mwaka 2017 chuo kikapewa hati ya kujitegemea. Kwa hiyo mimi niliingia mahali palipokwisha kuosha sakafu na kupandisha ukuta. Langoni tulipekuliwa kila siku, na kila siku tulikuwa na haraka ya kuwahi mhadhara, maana jua la Garissa halimsubiri mtu atafute kivuli. Mamangu hakutaka niende. Lakini mtu wa Lamu, baada ya mauaji ya Mpeketoni, huko huko kwetu, mwaka 2014, ana ujasiri gani wa kumwambia mtu wa Garissa kwamba kwao kunatisha?

Juu ya siku ile ya Aprili nina neno moja tu. Wauaji nao walikuwa na maswali yao ya kumjua mtu: walitenga Waislamu na Wakristo, kama walivyokuwa wamefanya kwenye basi la Mandera Novemba 2014. Desemba 2015, karibu na El Wak, basi jingine lilisimamishwa, abiria wakaamrishwa wajitenge kwa dini, na Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi hapo, akafariki Januari 2016. Filamu fupi ya Watu Wote, iliyoteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018, ilitokana na kisa hicho, na mwaka wangu wa kwanza ilikuwa ikizunguka kwenye simu za wanafunzi. Abiria wale, nadhani, wengi wao walikuwa hawajuani. Hakuna aliyekuwa na muda wa kutajiana mababu.

Nilisomea biashara. Kozi nyingi zilipita kama zinavyopita kozi: unaandika, unakariri, unatahiniwa, unasahau. Moja ilinasa. Mhadhiri wetu wa uchumi, mtu mkavu ambaye feni ikizimika hakuwa hata na habari, alitusomesha makala ya Mmarekani George Akerlof ya mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyokwisha kutumika. Muuzaji anajua kama gari lake ni zima au ni bovu, mnunuzi hajui. Kwa kuwa hajui, mnunuzi hutoa bei ya kati kwa kati. Mwenye gari zima akiona bei hiyo ni ya kumdhulumu, analirudisha nyumbani. Sokoni yakabaki mabovu, bei ikateremka tena, wenye afadhali nao wakaondoka, na mwishowe soko likafa hali wanunuzi wapo na magari mazuri yapo. Majarida matatu yaliikataa makala hiyo kabla ya la nne kuichapisha. Mwaka 2001 Akerlof akapata tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Mhadhiri alilisimulia lile la kukataliwa kwa furaha ambayo hatukuwahi kumwona nayo, nadhani na yeye alikuwa na makala zake zilizorudishwa.

Kisha akatupa kazi: nendeni soko la mifugo, mkaniambie kwa nini halijafa.

Swali lilikuwa la haki. Soko la mifugo la Garissa hutajwa miongoni mwa makubwa Afrika Mashariki. Ng'ombe huja kwa miguu kutoka mbali, wengine kutoka ng'ambo ya mpaka wa Somalia, kisha hupakiwa malori hadi Nairobi: ng'ombe machinjioni Dagoretti, mbuzi Kiamaiko. Ng'ombe ana siri kuliko gari. Ana homa ya jana, ana mimba iliyoharibika, huenda ana mwenyewe anayemtafuta huko porini. Mfanyabiashara wa Nairobi aliyeteremka kwenye basi usiku atajuaje?

Tulikwenda asubuhi, vumbi likiwa bado liko chini. Wanawake wa kule huuza zaidi mbuzi na maziwa, kwa hiyo sikuwa kituko. Kituko kilikuwa daftari langu. Niliona dalali mmoja, mzee mwenye ndevu zilizotiwa hina, ameshikana mkono na mnunuzi kama watu wanaosalimiana wakasahau kuachana. Juu ya mikono ametupia shuka. Hawasemi kitu. Uso wa mnunuzi unakunjamana, unakunjuka, shuka inacheza kidogo. Bei ilikuwa inatajwa kwa vidole humo ndani: kidole kimoja ni moja, au kumi, au elfu, kutegemea mnyama aliye mbele yenu, na kiganja kizima ni tano. Wanaozunguka hawajui imefika ngapi. Mzee aliachia mkono, akajaribu tena na mwingine, akarudi kwa yule wa kwanza. Mwenye ng'ombe amesimama pembeni na fimbo yake, hana neno.

Nilimuuliza mzee analipwa kwa kazi gani hasa, maana mwenye mali yupo na mwenye pesa yupo. Alinijibu kwa Kiswahili cha Garissa, kilichonyooka kama fimbo: "Huyu wa Nairobi hamjui huyu. Mimi namjua huyu. Ng'ombe akiwa wa wizi, polisi hawamtafuti huyu porini. Wananitafuta mimi, nyumbani kwangu." Hilo ndilo analolipiwa kwa kila kichwa. Ile homa ya jana na yale mabishano ya bei ni ya ziada. Anachouza dalali ni jina lake, na siku atakapouza mnyama wa wizi jina halitakuwapo tena la kuuza.

Niliandika hayo, na kwa kurasa chache nikajiona nimemjibu Akerlof. Karatasi ilirudi na neno moja la wino mwekundu pembeni, likijirudia karibu kila aya: "Umejuaje?" Nimeandika madalali wengi ni waaminifu: umejuaje? Nimeandika wizi wa mifugo umepungua: umejuaje? Nilikasirika siku nzima. Ilipofika Isha nikakumbuka madrasa ya kwetu Lamu, ustadhi wetu asivyokubali hadithi ya Mtume itajwe bila isnadi: fulani kasikia kwa fulani, aliyesikia kwa fulani, na kila fulani ana habari zake, alikuwa mkweli, alikuwa msahaulifu, alikutana na huyo anayemsimulia au hakukutana naye. Tulikuwa watoto wa miaka tisa na tulilifahamu jambo hilo bila taabu. Chuoni tunafundishwa tanbihi kana kwamba ni adabu za mezani, mkato ukae wapi na mwaka uandikwe wapi, na matokeo yake wanafunzi wanaziona tanbihi ni ushuru wa kulipa ili upite. Kumbe ni lile lile swali la mama mwenye ploti. Neno lako limekuja mjini, vizuri. Hapa nani analijua?

(Wanaofanya ile biashara ya kuwaandikia wanafunzi wa Ulaya na Marekani insha kwa malipo, na Kenya nilipokuwa chuoni walikuwa tele, wengine ni werevu kuliko wanaowaandikia. Nimewajua wachache. Ujuzi wanao, pesa wanapata, jina ndilo wasiloweza kulitia chini ya kazi yao, na sijaona kati yao aliyezeeka kwenye kazi hiyo akiwa na furaha.)

Lakini somo lenyewe nililipata uani.

Mama mwenye ploti aliuza maziwa ya ngamia. Kabla ya jua kuchomoza mitungi ya plastiki huingia kutoka malishoni, kwa pikapu, kwa bodaboda, imefungwa kamba na vitambaa vya rangi: chekundu ni wa fulani, utepe wa kijani ni wa fulani. Yeye hufungua kifuniko, hunusa, hudondoshea tone kiganjani, hulamba. Mitungi hufukizwa kwa moshi wa kuni ili maziwa yasiharibike upesi, na kwa ladha ya moshi tu alijua nani kafukiza vizuri na nani kafanya haraka. Mtungi usiokuwa na alama hakuugusa, hata ungenukia vipi. Na wanawake wanaokama huko porini baadhi yao huonana nao harusini tu, mara moja kwa mwaka. Asubuhi wanamletea maziwa bila kulipwa. Jioni, akishauza, anawatumia pesa kwa M-Pesa. Wateja wake nao wengi hulipa mwisho wa wiki au wa mwezi. Biashara nzima, kutoka chuchu ya ngamia hadi kikombe cha chai, ni deni juu ya deni, na pale katikati ameketi mama mmoja asiyejua kuandika.

Mimi mtu wa mahesabu nikaomba nimwekee daftari. Alikubali, nafikiri kwa heshima ya elimu. Baada ya wiki akaniambia, "Haya Mlamu, nisomee." Nikaanza kusoma, na kila nilipofika kwenye mstari alikuwa amekwisha kuutaja: jina, lita, shilingi, siku. Kisha akawa anaongeza ambayo daftari halikuwa nayo. Huyu halipi mwezi huu, mtoto wake kalazwa. Huyu analo, anajivuta tu; kesho nitamtuma binti yangu asimame mlangoni pake asiseme kitu. Huyu wala usimwandike, wakati wa mafuriko alitulaza kwake na watoto wote. Safu zangu zilikuwa tatu. Yake ya nne ndiyo iliyomwambia afanye nini.

Na yeye na wauza maziwa wenzake walikuwa na ayuto yao, mchezo wa kuchangiana: kila wiki kila mmoja anatoa kiasi, na mmoja anabeba chote. Darasani tulikuwa tukisoma Benki ya Grameen ya Bangladesh na Muhammad Yunus, jinsi maskini wanavyoweza kukopeshwa bila rehani wakidhaminiana kwa vikundi. Nilimweleza mama. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na huyo mzee alipewa zawadi kwa hilo?" Nikamwambia Nobel, 2006. Akatikisa kichwa kwa mshangao wa kweli.

Ilipofika zamu ya mkopo wangu wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, fomu ilitaka wadhamini wawili. Wa kwanza alikuwa babangu. Nikamwomba mama mwenye ploti awe wa pili. Alitaka kujua kwanza nadaiwa na nani. Nikamwambia HELB. "Huyo HELB ananijua mimi?" Hakujui. "Wewe je?" Hanijui. "Sasa anaaminije?" Nikaanza kumweleza habari ya nambari za vitambulisho, akaninyamazisha kwa mkono, akakubali. Lakini kwa siku kadhaa alikuwa akinitazama kama mtu anayemtazama mtoto aliyekwenda kukopa kwa mchawi.

Kisha ukaja ukame. Nzige walikuwa wametangulia, mwisho wa 2019 na mwanzo wa 2020, halafu korona ikafunga vyuo Machi 2020 nikarudi Lamu kusoma kwa simu palipo na mtandao. Niliporudi Waberi mvua za vuli za 2020 zilikuwa zimekwisha kukosekana, na hazikurudi: misimu mitano mfululizo. Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Utafiti wangu wa mwaka wa mwisho, uliokuwa uwe juu ya mikopo ya wauza maziwa, ukawa juu ya mikopo inavyokatika.

Mara ya kwanza nilikwenda peke yangu na hojaji, nikajibiwa na kila mtu kwamba mambo ni mazuri, alhamdulillahi. Mara ya pili mama alifuatana nami. Alisema maneno machache mlangoni, sikuyafahamu yote, na majibu yakabadilika kabisa. Nilichoona ni hiki: ngamia walipohamishwa mbali na mitungi ikawa nusu, watu hawakusamehewa madeni na wala hawakudaiwa, yalisimamishwa, kila mtu akijua yapo. Wenye ndugu Nairobi, Eastleigh hasa, au ng'ambo, walitumiwa pesa, na hizo pesa zikapita mikono mitatu minne kabla ya kukauka. Waliokatika kwanza ni walioko pembeni mwa mnyororo: mjane aliyehamia juzi, familia iliyopoteza wanyama wote na kushuka mjini bila mtu. Hao walikuwa na shida zile zile, tena zaidi. Walichokosa ni mtu wa kusema namjua huyu. Msimamizi wangu aliandika pembeni mwa aya hiyo, "Umejuaje?", na kwa mara ya kwanza nilikuwa na majibu, nyumba kwa nyumba.

Ndiyo maana sipendi wanaosifia mno udugu wa watu wa kaskazini, kana kwamba kule kila mtu anabebwa. Anabebwa anayejulikana. Na serikali yenyewe, kwa miongo mingi, iliwauliza watu wa mkoa ule swali hilo hilo kwa namna ambayo haikuwauliza watu wa Nyeri wala Kisumu: kijana wa Garissa, Wajir au Mandera akitaka kitambulisho, alipelekwa mbele ya kamati ya wazee apigwe msasa, wathibitishe kwamba ni Mkenya kweli. Februari 2025, huko Wajir, Rais William Ruto alitangaza mwisho wa utaratibu huo.

Darasani kwetu kulikuwa na kijana wa Garissa, kichwa cha hesabu, aliyekuwa na shida kubwa kuliko hiyo. Alipokuwa mdogo, ukame mmoja uliwafilisi wazazi wake, mamake akampeleka Dadaab, wakajiandikisha kwenye kambi ya wakimbizi wapate chakula. Maelfu ya familia za Wakenya wa pale zilifanya hivyo. Kambi ilikuwa na mgao na daktari, vijiji vyao havikuwa navyo. Alipotimu miaka kumi na minane akaenda kuomba kitambulisho, alama za vidole zikasema ni mkimbizi. Wazee walimjua, chifu alimjua, walimu walimjua. Mashine haikumjua, au tuseme ilimjua kwa jina lisilo lake. Bila kitambulisho hakuwa na HELB, hakuwa na laini ya simu kwa jina lake, M-Pesa yake ilikuwa ya mamake. Karo ililipwa kwa mbuzi, mmoja mmoja. Ndiye aliyenieleza mara tatu, bila kuchoka, hesabu za Akerlof ambazo mhadhiri alizipita mbio.

Tulihitimu. Mimi nikarudi pwani nikapata kazi ya ukaguzi wa vyama vya akiba, ambako kazi yangu, ukiiondolea maneno makubwa, ni kuuliza umejuaje. Yeye akabaki, akifundisha watoto hesabu nyumba kwa nyumba, maana shule isingeweza kumwajiri mtu asiye na kitambulisho.

Mwaka jana alinipigia simu usiku, anacheka mpaka hasikiki. Kitambulisho kimetoka. Ameshasajili laini, amejitumia mwenyewe shilingi kumi kutoka simu ya mamake aone jina lake likitokea. Kisha akaniambia ameomba kazi ya kwanza ya kweli, Nairobi, na wamemjibu kwamba sifa anazo, ila wanataka barua za watu watatu wanaomjua. "Watatu!" alisema. "Mimi ninao mji mzima." Nikamwuliza barua hizo zinatakiwa zieleze nini hasa, maana sisi wakaguzi hatuandiki tusilolijua.